Herufi ya Kufunga Mdomo

Mwanangu Zuwena,

Barua ya adabu huanza kwa kuulizia hali. Yako siiulizi kwa sababu naiona. Uko pale uani mbele ya begi la shangazi yako, unakunja nguo ambazo umeshazikunja, na umenuna. Mama yako anapita mbali nawe kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Mimi nimekaa barazani na karatasi, jua bado lipo, na hakuna aliyeniuliza naandika nini. Siku hizi humu ndani siulizwi kitu.

Mambo ya safari yako ya kwenda kusoma sikuandikii. Boti, chakula cha njiani, nani atakupokea bandarini Unguja, yote hayo mama yako ameshakwambia na kesho atakwambia tena mpaka umchoke. Nakuandikia yale ambayo tukitazamana huwezi kuyasikiliza, na mimi tukitazamana siwezi kuyasema.

Utaona nimeandika "mtu" kwa m. Na "mti", na "mkono", na "mtoto". Pekua utakavyo, hutapata nilipokosea. Najua hilo litakuchoma zaidi kuliko kama ningekosea kila mstari. Utajisemea: mzee huyu alikuwa na yote haya tumboni, akakaa nayo. Ni kweli. Nilikaa nayo.

Siku uliyorudi kutoka mjini nilikuwa napalilia muhogo. Ulikuwa umeondoka alfajiri, umevaa baibui jipya, kwenda kujiandikisha mafunzo ya wakunga wa vijiji. Mimi nilikuwa nimeshatamba Makangale nzima. Kila niliyekutana naye nilimwambia Zuwena wangu hajakalia dawati hata siku moja, na leo anakwenda kuwapita waliokalia. Nilikuwa na haki ya kutamba, au nilijiona ninayo. Mbuzi wote wa humu ndani umewazalisha wewe. Bi Mkasi wa jirani alipojifungua siku ile ya mvua, na mkunga bado yuko njiani na miguu imejaa tope, wewe ndiye uliyemshika mgongo ukamwambia lini asukume. Damu hukuiogopa wala kelele zake. Nikasema hawa wa mjini wakikukataa watakuwa wendawazimu.

Ulikuja moja kwa moja mpaka shambani. Hukuamkia. Ukasimama kwenye tuta, ukaniuliza, "Baba, neno mtu huandikwaje?"

Tangu ulipoanza kusema, kila ulichoniuliza nilikurudishia wewe mwenyewe: "Weye waonaje?" Hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yetu. Siku ile uso wako ulinitisha, nikajibu.

"M, t, u."

"Kwa m?"

"Kwa m."

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa skuli."

Ukaniangalia vile unavyomwangalia mbuzi mgonjwa, unapotafuta pa kuanzia. Kisha ukasema, "Basi miaka yote hino weye wanitazama tu." Ukageuka ukaenda zako. Nikabaki na jembe, nikang'oa muhogo badala ya magugu.

Yaliyokupata mjini nimeyajua kwa mama yako, wewe hukunihadithia. Bwana mwenye miwani aliyekuwa akiandikisha alikupa chaki mbele ya wanawake wenzako, akakusomea, "Mtu mwenye homa anywe maji mengi," akakwambia andika. Ukaandika, na mkono wako ni mzuri kuliko wangu: *Ntu mwenye homa anwe maji mangi.* Akauliza, "Huyu katoka msitu gani?" Wakacheka. Akakwambia ukaanze darasa la kwanza na watoto, ukimaliza urudi.

Nataka ujue kitu kuhusu wale waliocheka. Wote ni Wapemba. Kila mmoja wao kwao husema ntu, mama yake husema ntu, na akipigwa na mshituko atasema ntu huko huko mjini. Walijua kosa lako kwa sababu ni lao, ila wao limeshatolewa kwa fimbo. Walicheka kwa raha ya kuona leo zamu si yao. Na huko unakokwenda watakucheka tena. Sikufichi, maana kukuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Unguja wataisikia Pemba yako kabla hujamaliza salamu.

Sasa nikwambie kwa nini nilijua, halafu uniambie moyoni mwako mimi ni mtu gani.

Nilikuwa darasa la nne, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mwalimu wetu alikuwa kijana, Mpemba kama sisi, kwao si mbali na Shumba. Alikuwa amekwenda Unguja kusomea ualimu, akarudi na suruali iliyopigwa pasi na ulimi mwingine. Siku ya imla akatusomea sentensi, sikumbuki ilihusu nini, mimi nikaandika "ntu" kama nilivyoisikia maisha yangu yote. Akaniita mbele. Nilidhani bakora, nikanyoosha mkono. Hakuutaka mkono. Akanibana midomo kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, akaniambia, "M ni herufi ya kufunga mdomo. Ufunge basi, mnyama we."

Akanishika hivyo huku darasa linatazama. Nikawa napumulia pua, mate yananitoka, yanamtiririkia vidoleni. Mwenyewe alichukia mate lakini hakuniachia. Darasa lilicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye jamvi. Kesho yake nikaandika mti kwa n, akanibana tena. Kuanzia hapo wenzangu wakaniita Ntu. Wewe umekua ukisikia wazee wananiita Mzee Ntu ukidhani ni jina la mapenzi. Ni jina la siku ile. Wazee hao ndio waliokuwa wakianguka kwenye jamvi.

Na lililo baya kuliko yote, Zuwena, ni kwamba nilijifunza. Mtesaji yule alinifundisha. M sijaikosea tena mpaka leo ninapokuandikia.

Mwaka uliofuata nikaacha skuli. Nilipokuzaa wewe nikaapa kwamba hakuna atakayegusa mdomo wa mwanangu, na hata mimi mwenyewe sitaugusa. Mwanzo wake ulikuwa mwema. Sitaki uondoke ukidhani kila kitu kilikuwa uongo, maana kulikuwa na siku ambazo nikizikumbuka moyo unanijaa. Ulijifunza kusoma bila ya mtu kukukalisha. Ulichukua herufi za Kirumi kwenye maboksi ya betri na magazeti yaliyofungiwa sukari, ukazilinganisha na zile za Kiarabu ulizozijua chuoni kwa mama yako. Siku moja ukaja mbio kuniambia, "Baba, hino inasema sabuni!" Ulikuwa hujang'oa jino. Uliokota popo aliyekufa kule ukingoni mwa msitu wa Ngezi, ukamzika, ukamfukua alipobaki mifupa, ukaipanga kwenye ungo wa mama yako mpaka ikakaa sawa, ukagundua mwenyewe kuwa bawa lake ni mkono wenye vidole. Mama yako akautupa ungo. Mimi nilikaa nawe tukahesabu vidole vile, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Hayo ndiyo niliyowahadithia watu. Ya upupu sikuyahadithia.

Ulikuwa mdogo kuliko mdogo wako Raya alivyo sasa. Ulikuwa unapita kando ya kichaka, ukaona maganda ya upupu yenye manyoya yanayong'aa, ukapeleka mkono. Nilikuwa hatua chache nyuma yako. Neno moja tu lingetosha. Nikajisemea, atajua mwenyewe, akijua mwenyewe hatasahau. Ukayakamata kwa viganja viwili, ukajipaka shavuni kwa ulaini wake. Ulilia mpaka sauti ikakukauka. Mama yako akakusugua jivu na mafuta ya nazi huku naye analia, akanigeukia.

"Baba Zuwena, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo!" akasema. "Ulikuwepo, ukamwacha ntoto ajipake upupu!"

Nikamjibu kwamba sasa ameshajifunza. Nilicheka, Zuwena. Ulikuwa umevimba uso kama andazi na mimi nikacheka. Mama yako hakuniandalia chakula wiki ile na hakukosea. Nilidhani nimekulinda na vidole vya mwalimu, nami nimesimama nyuma yako nakutazama unaungua.

Na liko la skuli yenyewe. Unalikumbuka au umelisahau, sijui. Watoto wa kina Bi Mkasi walikuwa wanapita hapa na sare zao, wewe unakaa kizingitini unawatazama. Siku moja ukaniambia, "Baba, nami niende?" Kwa desturi yetu nikakuuliza, "Weye waonaje?" Ukasema, "Mie nataka."

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mkweli. Badala yake nikakuhadithia habari za bakora. Nikakuhadithia watoto wanaopigishwa magoti juani, na mtoto aliyejikojolea. Nikaongeza chumvi, nikaongeza na pilipili. Nilikutazama macho yako yakikua, nikaendelea. Nilipomaliza nikakuuliza tena unaonaje, ukasema hutaki. Nikamwita mama yako nikamwambia, "Umesikia? Kachagua mwenyewe."

Na sheha, mkubwa wa kijiji, alipokuja kuuliza kwa nini hukuandikishwa, nilikuita ukamtajia majani yote ya dawa ya hapa na kila moja linatibu nini, ukamweleza mbuzi anageuzwaje tumboni. Akaondoka anatikisa kichwa, na furushi la muhogo mkononi. Nilikubeba mabegani siku hiyo. Hukujua kwamba nilikuwa nabishana na mwalimu wangu, na kwamba silaha niliyokuwa nayo ni wewe. Kila ulipoandika "ntu" kwenye mchanga mimi niliiona. Niliiona na nikaipenda. Nilisema moyoni: tazama, mwalimu, huyu hakuna wa kumbana. Ndiyo sababu sikukusahihisha. Haikuwa uhuru wako, yalikuwa majibu yangu kwa mtu ambaye labda hata hanikumbuki.

Mama yako aliniambia. Yeye Qur'ani alikufundisha herufi kwa herufi. Ulipoichanganya sini na swadi alikurudisha, ukilia alikufuta machozi akakurudisha tena, na hakuwahi kukuinulia mkono. Nilimkejeli kwamba anafanya skuli nyumbani mwangu. Akaniuliza kwa nini maneno ya Mungu yawe na usahihi, na maneno ambayo mtoto ataombea kazi yasiwe nao. Nikamwambia hajui mambo haya. Siku uliyorudi kutoka mjini hakuniambia "nilikwambia". Alinipa chai tu, akakaa. Afadhali angenitukana.

Sasa nimemaliza yangu, nije kwako. Na wewe si malaika, mwanangu.

Tangu siku ile nyumba hii imekuwa darasa lako. Umemrekebisha mama yako mbele ya wageni. Bi Mkasi kaja kuomba moto, kasema "nkono wanuma", ukamwambia, "Mkono unaniuma, Bi Mkasi, si nkono." Mtu mzima yule, ambaye mtoto wake ulimpokea wewe, akaondoka bila ya moto. Nilitaka kukwambia kitu nikameza. Mazoea.

Halafu Raya. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya banda natengeneza tenga. Mlikuwa mmekaa chini ya mti wa mkungu, wewe na mdogo wako, na kipande cha ubao wa kuandikia. Ukamwambia aseme mti. Akasema nti. Mti. Nti. Mara ya tatu ukamkamata. Ukambana midomo kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada. Ukamwambia, "Funga! Funga mdomo useme!"

Sikuwahi kukuhadithia kisa changu. Nakuandikia leo ndiyo mara ya kwanza. Nimewaza sana ulikipata wapi, mpaka nimechoka kuwaza. Labda m haina njia nyingine ya kushikwa mtu mwenye hasira akitaka kuifundisha. Nilisimama pale na kamba ya ukindu mkononi, mate yangu ya utotoni nayaona yakitoka kwenye kidevu cha Raya. Na sikusema kitu. Nilichelea utaniambia sina haki, na kweli sina. Lakini Raya alikuwa anayo.

Nilikuchukia dakika ile. Nimeliandika na silifuti. Kisha nikaona kuwa ninayemchukia nimemlea mimi.

Jioni ile ukatuambia unamtaka Raya. Ukasema utaondoka naye, akakae nawe kwa shangazi yako huko, aandikishwe skuli mapema kabla hajawa kama wewe. Hayo ndiyo maneno uliyoyatumia mbele ya mama yako, "kabla hajawa kama mimi". Mama yako akasema uamuzi ni wa baba. Nimekaa nao wiki nzima. Mmedhani nakataa kwa ukaidi. Nilikuwa nakataa kwa sababu ya vidole vyako. Nilisema afadhali akae hapa awe mjinga mwenye midomo yake kuliko aende nawe.

Leo baada ya Adhuhuri nimemchukua Raya tukaenda kuokota karafuu zilizodondoka. Nikamuuliza kama anataka kwenda Unguja na dada yake. Nilitaraji atakataa. Nakuapia, nilitamani akatae, na ulimi ulikuwa unaniwasha nimhadithie za bakora na watoto wa kwenye jua. Nikauma ulimi. Nikauliza mara moja nikanyamaza.

Akafikiri huku anachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Akasema, "Nataka."

Nikamwambia, "Dada yako si hukubana mdomo?"

Akasema, "Hunibana."

"Huumii?"

"Huumia."

"Basi wamtakia nini?"

Akaniangalia kwa huruma, mtoto wa miaka minane ananihurumia. "Baba," akasema, "dada hunibana, lakini hunambia. Weye hunibani wala hunambii."

Akarudi kwenye makonyo yake. Hakujua amefanya nini. Nikainama nikaokota karafuu ambazo sizioni.

Zuwena, hiyo ndiyo hukumu yangu, imetoka kwa mtoto aliye upande wako na alama za kucha zako zipo mdomoni mwake. Sikatai tena. Nimemwambia mama yake, na sasa hivi nasikia anamtafutia kanzu safi. Utaona amekuja pale uani na kifurushi chake kabla hujaipata barua hii.

Maisha yangu yote kama baba sijakuamrisha kitu. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Leo nakuamrisha, na utake usitake nitakuwa nimekuamrisha. Akikosea usimtazame tu kama nilivyokutazama mimi. Mwambie. Mwambie mara kumi, mwambie hata kama umechoka na una njaa na watu wamekucheka mchana kutwa. Lakini mikono yako ikae mapajani mwako. Siku utakapoinyanyua, usije kunidanganya kwamba hukujua vidole hivyo vimetoka wapi. Nimeshakwambia.

Mchukue. Usiponisamehe, sawa. Yeye usimpe sababu ya kukaa siku moja akuandikie wewe barua kama hii.

Ni mimi baba yako,
Ntu